Darini Kwangu Kuna Nini? Panya, Popo, au Wote Wawili

BARUA

Asalaam aleikum wahusika wa safu,

Nimepanga nyumba nzima Makorora, Tanga. Vyumba vitatu na sebule, bati la msauzi, jipsamu ndani. Nyumba ina mita 10 kwa 12 na paa limetoka kama sentimita 60 pande zote. Nyuma kuna mwembe ambao matawi yake yamelala juu ya bati, na minazi miwili. Tunaishi mimi, mume wangu, mama mkwe na mtoto wa miaka miwili.

Tangu Machi darini hakuna amani. Magharibi, jua likizama, nasikia vilio vyembamba na mikwaruzo upande wa mbele juu ya kibaraza, kisha kimya. Halafu kuanzia saa nne au saa tano usiku zinaanza mbio kutoka upande wa jiko hadi juu ya chumba cha mama, na kitu kinatafuna mpaka alfajiri. Kibarazani kila asubuhi nafagia vimavi vyeusi chini ya ukingo wa paa, na ukuta pale umeweka doa la kahawia. Stoo nako naokota vingine, virefu zaidi, vigumu, vimechongoka ncha. Harufu ya huko mbele ni kali kama mkojo wa siku nyingi. Taa ya korido nayo imeanza kuwaka na kuzima yenyewe.

Mwezi wa nne nilinunua sumu kwa kijana anayepita na kipaza sauti. Pakiti ya chembe nyeusi, haina jina. Akaniambia panya akiila anakauka, hanuki. Zikatulia siku nne, kisha nyumba ikanuka siku tisa, na paka wa jirani akafa. Sasa ni Juni, mbio zimerudi. Mama mkwe ametupa darini vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini, pakiti tatu, kupitia tundu la jipsamu lililo juu ya kitanda anacholala na mtoto. Mwenye nyumba anasema panya huletwa na uchafu wa mpangaji, kwa hiyo nijitegemee.

Naomba mniambie: ni panya tu au kuna kingine? Nitumie sumu gani? Na gharama ni za nani?

Mpangaji, Makorora

JIBU

Wa aleikum salaam, dada.

Kabla ya panya, vile vidonge. Zungumza na mama kwa upole, vitolewe leo hii, na madirisha ya chumba hicho yashinde wazi. Vidonge hivyo mara nyingi ni nafthalini. Panya akikerwa na harufu yake atasogea mita mbili na kuendelea na maisha, lakini mvuke unashuka kitandani. Kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi ambayo si ngeni kwa watu wa mwambao, nafthalini huvunja chembe nyekundu za damu. Ukimwona amepauka, macho yana umanjano au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, mpeleke hospitali na umtajie daktari vidonge hivyo.

Sasa swali lako la kwanza. Kwa maelezo uliyotoa, huko juu wamo wapangaji wa aina mbili. Vilio vya magharibi vinavyofuatiwa na ukimya ni vya popo: huanza kupiga kelele wakijipanga kutoka, wakishatoka dari hutulia. Ile harufu kali na doa la kahawia ukutani chini ya ukingo ni alama zao pia, kwa sababu popo wadogo wa kwenye mabati hutumia upenyo uleule kila siku na hujisaidia wakiwa mlangoni. Mbio za usiku wa manane na kutafuna ni panya. Popo hatafuni mbao wala waya; meno yake ni ya kuvunjia wadudu.

Usitukubali kwa maneno tu. Vaa glovu, chukua kimavi kimoja cha kibarazani na kimoja cha stoo, viweke juu ya karatasi na uvibonyeze kwa kijiti. Cha popo kitasagika kuwa unga wenye vipande vidogo vinavyometameta, ndiyo mabaki ya mbawa na magamba ya wadudu. Cha panya kikiwa kibichi kitabonyea kama udongo wa mfinyanzi, na kikikauka huwa kigumu kama punje, bila mng'aro wowote. Kisha kesho ukae uani kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu, utazame ukingo wa paa la mbele. Ukiona wanachomoka mmoja mmoja kama mawe yaliyorushwa, weka alama ya chaki ukutani chini ya upenyo huo. Usiuzibe.

Kwa panya, urefu wa kinyesi unasema mengi. Cha sentimita moja na kidogo, chembamba na chenye ncha mbili kali, ni cha panya wa darini, ambaye wanasayansi humwita Rattus rattus: masikio makubwa, mkia mrefu kuliko kichwa na mwili vikiunganishwa, mpanda miti hodari. Cha karibu sentimita mbili na ncha butu ni cha yule panya mnene wa mitaroni, anayependa kuchimba chini zaidi kuliko kupanda. Vya milimita tatu hadi sita, vilivyotapakaa ovyo, ni vya kipanya kidogo cha nyumbani. Komba wa mwambao naye hupenda dari zilizo karibu na miembe, lakini kishindo chake ni cha kuruka na kutua, si mbio, na ungeshasikia kilio chake nje. Vyako vya stoo ni vya panya wa darini, na minazi yako inaweza kuthibitisha: tazama chini ya mnazi kama kuna nazi changa zilizodondoka zikiwa na tundu la mviringo karibu na kikonyo. Hiyo ni kazi yake.

Kuhusu sumu jibu letu ni fupi: usiweke yoyote darini. Sumu nyingi halali za panya huzuia damu kuganda. Panya anakula leo, anakufa baada ya siku tatu hadi kumi, na siku za mwisho hulala kiotani, yaani juu ya jipsamu yako. Hakuna sumu inayomkausha panya asinuke, wala inayomtoa nje kutafuta maji. Hayo ni maneno ya biashara. Ulichonunua wewe hakina lebo, na chembe nyeusi za namna hiyo huweza kuwa kiuatilifu kikali cha shambani, kinachoua haraka chochote kinachoimeza, mtoto akiwemo. Kama imebaki, ifunge kwenye chombo, iweke mbali na mtoto na umuulize bwana afya wa kata pa kuipeleka. Usiimwage chooni. Siku nyingine ukilazimika kutumia sumu, iwe ya vipande vya nta, yenye lebo na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na ikae nje ya nyumba ndani ya kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo.

Kinachomaliza panya wa darini ni mitego kwa siku chache na wavu kwa miaka. Utaratibu ndio unaowashinda wengi. Mtu huziba matundu yote siku moja, panya wanabaki ndani na njaa na kiu, wanatoboa jipsamu na kushukia jikoni kupitia shimo la taa. Au anatega mitego miwili usiku mmoja, mmoja anaponea chupuchupu, na tangu hapo hakuna panya anayeusogelea mtego.

Anza na mwembe. Kata matawi mpaka pabaki nafasi ya mita mbili kati ya jani la mwisho na bati. Kwenye kila mnazi funga mkanda wa bati laini wenye upana wa sentimita 40, mita mbili kutoka ardhini, uzunguke shina lote bila kuacha mwanya. Mkanda hausaidii kitu kama makuti yanagusa paa au mti mwingine.

Halafu mtafute fundi umeme kabla mtu hajapanda darini. Taa inayowaka na kuzima katika nyumba yenye panya huchukuliwa kuwa waya uliotafunwa mpaka ithibitike vingine, na nyaya mbili zilizo uchi zikigusana juu ya mbao kavu chini ya bati, moto hauombi ruhusa. Zima meni swichi, akague waya wote, unaofaa kupita kwenye bomba upitishwe humo.

Kupanda darini ni asubuhi, saa moja hivi. Ikifika saa tano chini ya bati ni tanuri. Vaa barakoa nzuri aina ya N95 na glovu za mpira. Kanyaga mbao za kenchi tu, zile zinazobeba paa, kwa sababu jipsamu haibebi mtu. Mulika tochi kwa ubavu, mwanga ulale sambamba na mbao: utaona njia za panya kama michirizi myeusi inayong'aa, mafuta ya manyoya yaliyopakazwa kwa kupita mahali pamoja kila usiku. Fuata mchirizi mpaka unapoishia kwenye mwanga wa nje. Huo ndio mlango. Ukiona tundu na huna hakika kama linatumika, lijaze gazeti lililokunjwakunjwa. Likisukumwa au kutafunwa ndani ya usiku tatu, linatumika.

Mitego nunua kumi na miwili ya springi, ile mikubwa ya panya. Midogo ya vipanya humbana panya wa darini pua tu akaondoka nayo. Ipange juu ya mbao zenye michirizi na mahali ukuta unapokutana na kenchi, kichwa cha mtego chenye chambo kikielekea ukuta, umbali wa mita mbili mbili. Kila mtego ufunge kwa waya mwembamba kwenye msumari, panya asije akauburuta hadi pembe usiyofikia. Usiweke mtego wowote ndani ya mita mbili kutoka walipo popo. Chambo ni dagaa mmoja mkavu aliyefungwa kwa uzi kwenye kibati, au kipande cha nazi iliyochomwa, ukubwa wa punje ya harage. Chambo kikubwa humwezesha kula pembeni bila kugusa kibati.

Usiku nne za kwanza, mitego ikae na chambo lakini isitegwe. Panya wa darini ni mwoga wa kitu kipya. Hukizunguka siku mbili tatu kabla ya kukigusa. Ukikuta dagaa wameliwa kwenye mitego mingi, basi usiku wa tano tega yote kumi na miwili kwa pamoja. Usiku wa kwanza na wa pili ndio wenye mavuno. Kagua kila asubuhi, maana joto la hapo juu halisubiri. Aliyenaswa mnyunyizie dawa tutakayoitaja hapo chini, mfunge kwenye mifuko miwili na umfukie nusu mita chini. Gundi ya panya hatuishauri: darini hujaa vumbi ikapoteza kunata, na inashika mijusi kuliko panya.

Wakati mitego inafanya kazi, ziba matundu yote isipokuwa mawili: mlango mkuu wa panya, ambao tunaukisia uko upande wa mwembe, na upenyo wa popo uliouwekea chaki. Bati la msauzi huacha tundu la sentimita tatu au nne chini ya kila mgongo, pale bati linapolala juu ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Panya wa darini anahitaji chini ya hapo, hata sentimita mbili zinamtosha, na kipanya hupita kwenye milimita sita. Kwa hiyo wavu uwe wa chuma uliopakwa zinki, matundu ya robo inchi. Wavu wa kuku una matundu makubwa, wavu wa mbu wa plastiki hutafunwa usiku mmoja, na ile povu ya kupuliza ni kama mkate kwao.

Hesabu yake ni hii. Mzunguko wa fisha bodi kwa vipimo ulivyotoa ni mita 48.8. Wavu wenye upana wa sentimita 90 ukiukata vipande vya upana wa sentimita 15 unapata sita, kwa hiyo mita 9 za wavu zinatosha na kubakiza kidogo. Kunja kila kipande kama herufi L: sentimita tano zipigwe misumari yenye vichwa bapa kwenye fisha bodi kila baada ya sentimita kumi, zilizobaki zisukumwe juu ndani ya mgongo wa bati mpaka zibane. Fundi mvivu huunyoosha wavu moja kwa moja bila kuufuatisha migongo, mwambie aurudie. Panapopita mabomba na waya, jaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha funika kwa mchanganyiko wa saruji moja na mchanga tatu. Nyuzi peke yake hazidumu Tanga, hewa ya chumvi huzila kwa kutu.

Dari ikikaa usiku nne mfululizo bila mbio na mitego ikiwa mitupu, ziba mlango mkuu. Acha mitego imetegwa wiki mbili zaidi, kwa sababu mimba ya panya ni siku 21 hadi 23 na watoto hubaki kiotani kama wiki tatu. Huenda kuna waliobaki. Ukisikia harufu ya mzoga, tazama mainzi ya kijani yanakusanyika kwenye taa au ufa upi. Mzoga hauko mbali na hapo.

Popo wanataka njia nyingine, na tunakuomba usiwaue. Kila usiku wanakula wadudu kwa wingi, na dawa ya kuwapulizia huwaangusha wakiwa hai kibarazani, mahali mtoto anapocheza. Wengi huzaa majira ya mvua, kwa hiyo Julai hadi Septemba ni wakati mzuri. Hata hivyo mulika kwanza, na ukiona vichanga visivyo na manyoya, subiri wiki sita. Kama hakuna, ning'iniza wavu mwepesi wa matundu madogo juu ya upenyo wao, ubane juu na pembeni, chini uache wazi ukishuka nusu mita. Popo hutambaa chini na kutoka, wakirudi hawaipati njia. Baada ya usiku saba, hakikisha jioni hakuna anayetoka, kisha weka wavu wa chuma kama kwingine. Anayeng'atwa au kukwaruzwa na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sasa ule ufagio. Acha kufagia vimavi vikavu, stoo na kibarazani. Vumbi lake unalivuta, na mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospira, vilivyoleta homa ya mgunda Lindi mwaka 2022. Mtu akipata homa kali, kichwa na maumivu ya misuli ndani ya mwezi mmoja, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, amwambie daktari kwamba nyumbani kuna panya. Ungekuwa umeandika kutoka Lushoto, iliyosumbuliwa na tauni mara kwa mara miaka ya 1980 na 1990, tungekuambia uue viroboto kwanza ndipo utege panya, maana panya akifa kiroboto chake hutafuta damu nyingine.

Dawa ya kusafishia ni Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, ichanganywe siku ileile. Nyunyiza mpaka vilowe, subiri dakika kumi, futa kwa kitambaa cha kutupa. Rundo la popo juu ya kibaraza usilitilie Jik: lina amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya sumu. Hilo lilowanishe kwa maji ya sabuni tu, lichotwe kwa koleo, liingie mfukoni likiwa bichi.

La mwenye nyumba. Uchafu humshibisha panya, lakini aliyemfungulia mlango ni fundi aliyeezeka bila kuziba migongo ya bati, na popo hawana habari na sufuria zako. Soma mkataba wako. Kama hausemi kitu, sisi tunaona mitego, usafi na kufunika vyakula ni juu yako. Wavu, waya na matawi ya mwembe ni juu yake, kwa sababu ni mali yake itakayobaki wewe ukihama. Usimpelekee malalamiko ya panya. Mpelekee picha ya waya uliotafunwa, maelezo ya fundi umeme kwa maandishi, na bei ya mita 9 za wavu na ufundi wa siku mbili. Akikubali kugharimia vifaa tu, pendekeza ufundi ulipe wewe ukatwe kwenye kodi, mwandikishane, kila mmoja abaki na nakala. Na mwambie fundi asiondoke kabla hujapanda ngazi ukauvuta wavu kwa kidole kwenye kila mgongo, hasa pembe nne za nyumba, ambako kofia za bati hukutana vibaya na ndiko panya wa mwakani atakakojaribu kwanza.